Nimeuziwa turbo ya mamilioni kumbe filimbi ni mpira wa hewa uliochanika! Mafundi, kwa nini hampimi?

Wakuu, naandika nikiwa Makambako na hasira imenijaa mpaka kooni. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Nina Scania R124 420, nabeba mbolea kutoka Dar kuja huku Makambako na Njombe. Mwezi uliopita napandisha mlima Kitonga na tani 28, gari likaanza kupiga mluzi. Siyo ule mlio mwembamba wa turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) ambao kila dereva anaujua. Huu ulikuwa mkali, kama kuna mtu kajificha chini ya kebini anapuliza filimbi. Nikikanyaga mafuta unakuja, nikiinua mguu unakata papo hapo. Nyuma moshi mweusi tii, na gia ninayopandia siku zote ikagoma, nikashuka gia mbili zaidi. Gari halivuti kabisa.

Nimerudi Dar, nikalipeleka gereji moja kubwa tu, sitaitaja jina. Nikamweleza fundi kila kitu kama nilivyowaeleza nyinyi: linalia likiwa na mzigo, mlimani, nikiwa nimekanyaga. Yeye kafanya nini? Trela limekatwa, kichwa kitupu kimesimama uani, anapiga resi. Hakuna mlio! Kainua kebini, kachungulia, dakika tano hazikufika, kaniambia, "Mzee, turbo imekufa hii, tubadilishe."

Nikamuuliza, umeishika shafti yake, ule mhimili unaozunguka, ukaona inacheza kiasi gani? Akanijibu, "Bosi, hizi kazi tunazijua."

Milioni 3 na laki 2, turbo ya mtumba. Ufundi laki 3. Siku nne gari limelala. Turbo yangu ya zamani ikabaki kwao, na mimi kwa uchovu sikuidai.

Safari iliyofuata, Kitonga ileile, kona zilezile: filimbi ileile. Wakuu, nilipaki Ilula nikakaa kwenye usukani nusu saa nzima simsemeshi hata utingo wangu.

Nimefika Makambako, mwenye mzigo akanielekeza kwa kijana mmoja anayetengeneza malori pembeni ya fundi matairi. Hana bango wala ovaroli. Swali lake la kwanza: "Mlio unakuja ukiwa na mzigo tu, au hata ukipiga resi umesimama?" Nikamwambia mzigo tu. Akasema basi kwanza tutafute upepo unapotokea, turbo tutaiangalia baadaye.

Akachomoa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa, pale mdomoni mwa turbo akafunga kifuniko cha bomba la plastiki alichokitoboa na kukiwekea vali ya tairi. Akakaza klipu, akatuambia tusisimame mbele ya hicho kifuniko kwa sababu kikiruka kinaumiza mtu. Akachukua mpira wa upepo kwa jirani yake, akajaza polepole akiangalia geji, akaishia presha ya bar 1. Nikasikia upepo unatoka kwenye eksozi, nikadhani ndiyo tatizo. Akaniambia hapana, hapo kuna valvu za injini zimesimama wazi. Akazungusha injini kidogo kwa mkono, sauti ile ikapungua.

Kisha kachukua maji ya Omo na brashi, anapaka kila kiungio. Mpira unaotoka kwenye turbo kwenda intakula (kile kinachopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini), mzima. Ule wa kutoka intakula kuingia kwenye injini, upande wa chini, kandokando ya klipu, pakafumuka povu kubwa jeupe. Akaufungua. Kuna mchaniko wa kama urefu wa kidole gumba, umelowa mafuta meusi pembeni. Ukiushika hivihivi umefumba, huuoni. Ukiubinya, unafunguka kama mdomo.

Ndiyo maana uani haukulia! Gari tupu likipigwa resi limesimama, turbo haijazi upepo wa maana. Presha inakuja injini ikibeba mzigo, na hapo ndipo ule mdomo unafunguka na kupiga mluzi. Upepo unapotea njiani, dizeli inakosa hewa ya kutosha, unapata moshi mweusi na gari linakosa nguvu. Na turbo yenyewe, ambayo mizunguko yake inaweza kufika 100,000 kwa dakika, inalazimika kukimbia zaidi kufidia upepo unaovuja. Yaani ningeendelea hivyo, hata hii niliyofungiwa ningeiua.

Mpira mpya na klipu mbili: 140,000. Ufundi 30,000. Nimepanda nalo mlima na mzigo, kimya.

Sasa nauliza kwa uchungu: gereji yenye kompresa ukutani imeshindwa nini kufanya alichofanya kijana mwenye kifuniko cha bomba? Kushika shafti ya turbo kwa vidole ni kazi ngumu? Ikicheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, ila ikiingia na kutoka, au mapanga yake (kama ya feni) yakiwa yamekwaruza nyumba yake, hapo sawa, niambie imekufa. Ungeweza pia kuangalia masizi kwenye manifodi ya eksozi, pale moshi unapotokea kwenye injini, maana gasketi ikivuja pale nayo inalia, na mara nyingi asubuhi injini ikiwa ya baridi utasikia tik-tik-tik. Hata mpira wa upande wa chujio hakuushika, na ule ukichanika turbo inanyonya vumbi la barabarani na mapanga yanalika. Hakuangalia hata kimoja kati ya hivyo, kaangalia pochi yangu tu.

Nimewapigia simu leo asubuhi. Wanasema kifaa kikishafungwa hakirudishwi, na turbo yangu ya zamani "haionekani". Turbo nzima, haionekani! Niambieni, imeenda kwenye gari la nani?

Jumatatu naingia Dar. Naenda na mpira uliochanika, risiti zao, na video ya lile povu niliyoirekodi. Nataka turbo yangu au pesa yangu. Aliyewahi kudai gereji kwa njia ya kisheria, anieleze hapa alianzia wapi na alihitaji karatasi gani.