Msaada: nina ortofoto ya ECW ya bonde la Msimbazi, watu waione vipi kwenye simu bila kumaliza bando?

Mpimaji_Tabata

Wakuu, habari za majukumu.

Nipo kwenye kazi ya ramani ya mafuriko, bonde la Msimbazi, kuanzia Kigogo kushuka Jangwani hadi karibu na daraja la Selander. Droni imeruka, picha zimeshonwa, na mkandarasi katukabidhi ortofoto moja (picha ya angani iliyonyooshwa ikae sawa na ramani) ya pikseli ya sentimita 5, eneo kama kilomita za mraba 16. Faili ni ECW, aina ya picha ya ramani iliyobanwa, GB 1.4 hivi. Kwenye laptopu yangu ya Windows, QGIS, programu ya ramani, inalifungua bila kelele.

Shida ni wanaotakiwa kuiona. Ni wenyeviti wa serikali za mitaa na watendaji wa kata, wana simu za kawaida za Android na bando la kuungaunga. Bosi anataka kiungo kimoja tu akirushe kwenye grupu la WhatsApp, mtu akibonyeza aone mtaa wake, avute mpaka aone bati la nyumba.

Tuna seva ndogo ya kukodi, Ubuntu, RAM GB 2, ina Nginx tu, programu ya kutuma kurasa na faili za wavuti. Nimepandisha ECW, GDAL ya kule (zana za kusoma na kugeuza picha za ramani) inasema haitambui aina hiyo ya faili. Nikaligeuza kuwa GeoTIFF, yaani TIFF inayojua mahali pake kwenye ramani, kwenye laptopu, likafura mpaka GB 19 na ushee. Jamaa mmoja kaniambia nifunge GeoServer, programu ya seva ya kugawa ramani, mwingine kasema dawa ni kununua leseni ya ECW ya seva. Hela ya leseni haipo na mvua za masika hazisubiri. Nishike njia ipi? Nawasilisha.

KijanaWaJava

Mkuu, GeoServer ndiyo mpango mzima. Unapakia picha, inakupa WMS (huduma ya kutoa ramani mtandaoni), QGIS wanavuta, tovuti inavuta, na unaweza kumpa kila mtu ruhusa yake. Ila hiyo GB 2 ni finyu, Java itaimaliza yenyewe kabla hata picha haijaguswa. Ongeza angalau ifike GB 8. Na ECW hata humo inataka kiendelezi na maktaba ya mwenye teknolojia, kwa hiyo utaigeuza tu.

Bi_Pikseli

Mdogo wangu Mpimaji, pole na kazi. Tulia kwanza, usinunue kitu.

Tuanze na kwa nini seva imekukatalia. ECW ilitengenezwa na kampuni ya Earth Resource Mapping ya Perth, Australia, miaka ya 1990, na leo ipo mikononi mwa Hexagon. Maktaba ya kuisoma si ya wazi. Kuisoma kwenye kompyuta ya mtu mmoja hawakudai, lakini ukiisoma ndani ya seva ili uwagawie wengine, hapo wanataka leseni ya kulipia. Ndiyo maana GDAL inayokuja na Ubuntu imejengwa bila ECW kabisa. Hujakosea kitu, mlango wenyewe ndio uliofungwa. MrSID, aina nyingine ya picha ya ramani, nayo maktaba yake si ya wazi. JPEG 2000 ni ya wazi, satelaiti za Sentinel-2 zinatoa picha zake kwa hiyo, lakini vivinjari vya simu zenu haviifungui moja kwa moja, na kuifumbua ni kazi nzito kwa simu ya bei ya chini.

Sasa hesabu, maana watu wengi wanaogopa ile GB 19 bila kujua imetoka wapi. Pikseli ya sentimita 5 ina maana kilomita moja ya mraba ni pikseli 20,000 kwa 20,000, yaani milioni 400. Kila pikseli ina baiti tatu, nyekundu, kijani na bluu. Hiyo ni GB 1.2 kwa kilomita ya mraba, zidisha kwa 16 upate GB 19.2. GDAL ilikufumbulia picha yote, haikuibana tena kwa sababu hukuiambia. Hakuna mchawi.

Unachotaka ni COG, GeoTIFF iliyopangwa kwa ajili ya intaneti. Ni TIFF ileile, ila ndani imekatwa vigae, yaani vipande vya mraba, imebanwa kigae kimoja kimoja, ina nakala zake ndogo za muhtasari kwa anayeangalia kutoka mbali, na mwanzoni mwa faili ipo orodha inayosema kila kigae kinaanzia baiti ya ngapi. Simu inaomba kwanza vile vipande vya mwanzo, inasoma orodha, halafu inaomba vigae vinavyojaza skrini tu. Mwenyekiti wa Mchikichini hapakui Kigogo. GDAL ikikata bila kuelekezwa vingine inatoa vigae vya pikseli 512 kwa 512. Skrini ya simu ya 1080 kwa 2400 inakula kama vigae ishirini na kitu, na kwa JPEG ya kawaida hiyo ni kama MB 1, zaidi kidogo pakiwa na mabati mengi. Kila akisogeza anaongeza kidogo. Mambo yote hayo yanafanyika na Nginx yako hiyohiyo, bila programu nyingine, kwa sababu kazi ya seva ni kukata kipande cha faili na kukituma. RAM GB 2 inatosha na chenji inabaki.

Kabla hujageuza, rudi kwa mkandarasi. ECW ni mbano unaopoteza. Ukiibana tena kwa JPEG unapoteza juu ya kupoteza. Programu iliyoshona picha ilitoa TIFF kwanza, na hiyo ndiyo mali yenu. Mwambie alete TIFF kamili kwenye diski, pamoja na tarehe ya kuruka. Mikataba mingi hapa mjini inaandika "ortofoto" basi, mkandarasi analeta ECW kwa sababu inaingia kwenye flashi, halafu mwaka unaofuata laptopu yake imeibiwa na hakuna chanzo tena. Andikeni kwenye mkataba: TIFF isiyobanwa kwa kupoteza, modeli ya mwinuko, na tarehe. Sitaacha kulisema hili mpaka nistaafu.

Ukishaipata, fungua OSGeo4W Shell, dirisha la amri linalokuja na QGIS, kwenye Windows yako na uandike:

`gdal_translate ortho.tif ortho_cog.tif -of COG -co COMPRESS=JPEG -co QUALITY=80 -co NUM_THREADS=ALL_CPUS`

Inataka GDAL 3.1 au mpya zaidi. Iache ifanye kazi, kanywe chai. Tegemea faili la GB 2 mpaka 3, muhtasari ukiwemo. Kama picha ina bendi ya nne ya uwazi, hii amri yenyewe inaigeuza kuwa tabaka la kuficha, na kingo zinabaki safi. Ukijaribu kutumia weusi kama alama ya "hapa hakuna kitu" pamoja na JPEG, utaona chenga nyeusi zimezunguka bonde zima, kwa sababu mbano unaubadilisha weusi wenyewe kidogo kidogo.

Kuhusu ubora, usichague namba kwa kusoma mtandaoni. Kata kipande kidogo cha Kigogo, kibane kwa 50, 65, 80 na 90, kisha vikuze mpaka paa moja lijaze skrini ya simu. Kwa 50, kutu ya bati inachanganyika na udongo wa uchochoroni na huoni tena paa linaishia wapi. Simtanki jeusi linaonekana vizuri hata kwa ubora wa chini kabisa, kwa hiyo usilitumie kupima. Tazama mstari kati ya mabati mawili yaliyopakana, na ukuta mwembamba wa tofali ulioko karibu na mtaro. Hayo ndiyo watu watakayogombania kwenye kikao. Mimi huwa naishia kati ya 75 na 85 kwa picha za Dar.

Pandisha, kisha jaribu kabla ya kumpa bosi kiungo:

`curl -s -D - -o /dev/null -r 0-1023 https://tovuti-yenu/ortho_cog.tif`

Jibu la kwanza likiwa na 206, seva inakata vipande. Likiwa 200, inataka kutuma faili zima, na hapo ndipo bando la mtendaji litakapoungua. Nginx inafanya hivi yenyewe kwa faili la kawaida. Usijaribie kwenye laptopu kwa `python -m http.server`, ile haikati vipande, itakutisha bure. Kama ukurasa wa ramani na picha vipo kwenye vikoa tofauti, ongeza vile vichwa vya ruhusa vya CORS, vinavyoruhusu ukurasa wa kikoa kimoja kusoma faili la kikoa kingine, la sivyo kivinjari kitakataa kimya kimya na utalaumu picha.

Kuionyesha, tumia OpenLayers, maktaba ya kuonyesha ramani kwenye kivinjari, ina chanzo chake cha GeoTIFF tangu toleo la 6.7. Weka `convertToRGB: 'auto'`, maana JPEG ndani ya TIFF huwa imehifadhi rangi kwa YCbCr (mwangaza kando na rangi kando, si nyekundu, kijani na bluu), usipoweka utaona Jangwani yenye rangi za ajabu na utadhani faili limeharibika. Na usihangaike kuweka ramani ya barabara chini yake. Weka juu mipaka ya mitaa kwa mstari mwembamba wa njano, na majina, na tarehe ya picha kwa herufi kubwa. Swali la kwanza la kila mzee wa mtaa ni "hii ya lini?", na ana haki, maana mto ule unahama kila msimu.

Mpimaji_Tabata

Dada nimenyoosha mikono. Mkandarasi amelia kidogo lakini TIFF ameleta, ilikuwepo kumbe. COG imetoka GB 2.6 kwa ubora wa 80, curl inanipa 206, na kwenye simu inafunguka hata kwa 3G ya hapa Tabata Dampo. Mtendaji mmoja alishaanza kuhesabu vibanda vilivyojengwa ndani ya mita 60 za mto.

Maswali mawili. La kwanza, mipaka ya viwanja ya zamani niliyopewa haikai sawa na picha, imekwenda pembeni karibu mita 300. Picha ndiyo mbovu? La pili, huku Jangwani kuna siku mtandao haupo kabisa, hasa mvua ikinyesha.

Bi_Pikseli

Mita 300 hiyo naifahamu kwa jina. Mipaka ipo Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuratibu, namba 21037, na picha ipo WGS84, mfumo wa GPS, namba 32737. Zote UTM kanda ya 37 kusini, namba za kuratibu zinafanana kwa sura, mtu akizisoma haraka anaziweka kama ni kitu kimoja. Iambie QGIS kwamba mipaka ni 21037, kisha ihifadhi upya kwa 32737. Picha usiiguse.

Fundi_wa_Kambini

La pili nijibu mimi, ndiyo kazi zangu. Weka MBTiles, faili moja lenye vigae vyote vya ramani, kwenye simu yenyewe na ufungue kwa QField, programu ya ramani ya simu. Kata kipande cha kata moja tu, usiwape bonde zima:

`gdal_translate kata.tif kata.mbtiles -of MBTILES -co TILE_FORMAT=JPEG`

halafu `gdaladdo` ili iwe na ngazi za kutazamia kwa mbali. Warushie ofisini kwa Wi-Fi au kadi ya kumbukumbu. Kwa wanaopenda data ya bure ya mazoezi: picha za droni za Dar zilizopigwa wakati wa Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, zipo OpenAerialMap, na zinapakuliwa bila kumwomba mtu. Nilifundishia vijana kwa picha za Tandale kutoka humo.

Mpimaji_Tabata

Nimewaelewa. La mwisho kabisa: ile modeli ya mwinuko niliyoletewa pamoja na TIFF, ambayo tutatumia kukadiria maji yatafika wapi, naibana kwa amri hiyohiyo?

Bi_Pikseli

Hapana! Ile si picha, ni vipimo. JPEG haishiki hata namba zake, ni za desimali. Tumia `-of COG -co COMPRESS=DEFLATE -co PREDICTOR=YES`, haipotezi hata milimita. Itakuwa kubwa kuliko ortofoto kwa kila pikseli, vumilia. Na isiingie kwenye kiungo cha WhatsApp. Wao wape mistari ya kina cha maji iliyokwisha kuchorwa, modeli yenyewe ibaki kwenu na kwa mhandisi.