Mada: RCH-1 imekataliwa kliniki, mtoto miezi 6 na nusu. Msaada

Mama Nasra, South B

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kwenu.

Leo kliniki ya hapa Nairobi wameikataa RCH-1, kadi ya ukuaji na chanjo ya mtoto ya kwetu Tanzania. Wanadai binti haandikwi kwenye daftari lao bila kitabu cha mama na mtoto cha hapa, na kitabu hakitoki bila notisi ya kuzaliwa ya hapa. Kazaliwa Moshi, notisi ya Kenya ataitoa wapi? Wakataka na kadi yangu ya mgeni, nayo bado iko eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, inasubiri. Mwisho wamempima uzito wakaandika kwenye kikaratasi: kilo 7.0. RCH-1 inaonyesha 7.1 alipokuwa na miezi mitano. Uji kaanza wiki mbili zilizopita. Vitamini A hakupewa.

Swali ni moja tu: nani mwenye mamlaka ya kuhamishia RCH-1 kwenye kitabu cha Kenya, na muhuri unagongwa wapi?

Neema, Kawangware

Mama Nasra, pole. Tuanze na chanjo. Hakuna dozi inayorudiwa kwa sababu ya kuvuka mpaka wa Namanga. Wiki ya 6, 10 na 14 ni zilezile pande zote mbili: pentavalenti (tano kwa moja), nimonia, polio ya matone, na polio ya sindano wiki ya 14. Rota, ya kuhara, idadi ya dozi hutegemea aina waliyompa, kwa hiyo jina la chanjo lisomeke. Tarehe ikiwa imeandikwa, dozi imehesabiwa. Piga picha kurasa zote za kadi leo hii, wino wa kliniki zetu ukiguswa na maji umekwenda.

Inayofuata ni surua-rubela miezi 9, halafu miezi 18. Vitamini A ya miezi 6 ni kile kidonge cha buluu, yuniti 100,000. Chekundu ni 200,000, hicho ni cha kuanzia mwaka mmoja, kila baada ya miezi sita mpaka afikishe mitano. Kidonge hakimezwi: kinakatwa ncha na mafuta yanakamuliwa mdomoni. Mkikikosa kliniki, wiki za Malezi Bora, kampeni ya Kenya ya afya ya mama na mtoto, ni Mei na Novemba. Ila asipewe mara mbili ndani ya mwezi mmoja, kwa hiyo popote atakapopewa, tarehe iandikwe.

Baba Irene, Umoja

Mnaongelea vidonge na hamjauona uzito. 7.1 kushuka 7.0 ndani ya mwezi na nusu, hapo ndipo pa kuangalia. Lakini kabla ya kupiga kelele, ulizeni mizani.

Mizani ya kuning'inia imegawanywa kwa gramu mia mia. Kaptura ya kumbebea mtoto inatundikwa kwanza, ndipo mshale unarudishwa sifuri. Wakirudisha sifuri bila kaptura, kaptura imepimwa pamoja na mtoto. Mshale unasomwa usawa wa macho, mtoto akiwa ametulia, hajashika mkono wa mama. Nguo zote nje. Najua Julai ya Nairobi hairuhusu utani, lakini sweta, soksi na nepi iliyojaa ni robo kilo au zaidi, na hiyo ndiyo tofauti mnayoitafuta. Mizani ya Moshi na ya South B pia si pacha. Apimwe tena baada ya wiki mbili, mizani ileile, uchi.

Kwa mtoto wa kike wa miezi 6, katikati ya chati ni 7.3, na mpaka wa chini ni 5.7. Kwa hiyo 7.0 si utapiamlo. Namba peke yake haisemi kitu, mwelekeo wa mstari ndio unaosema. Ukipanda sambamba na ile iliyochapwa, hata kama uko chini, mtoto anakua. Ukilala, kuna sababu.

Neema, Kawangware

Baba Irene, hakuna aliyepiga kelele. Na umesahau mkanda wa kupimia unene wa mkono: kuanzia miezi 6, chini ya sentimita 11.5 ni hatari, 11.5 hadi 12.5 ni wa kufuatiliwa. Unapimwa katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto umelegea. Haudai kitabu wala kadi ya mgeni. Mhudumu wa afya wa mtaa anao mfukoni.

Shemeji wa Donholm

Mimi ni Mkenya nimeolewa kwenu, kwa hivyo mtanivumilia. Mama Nasra, unampea uji gani? Kama ni ile unga ya vitu kumi na mbili, wimbi, mtama, soya, njugu, omena, mchele, mbegu za malenge na nyingine, zote zimesagwa pamoja, wachana nayo. Soya na omena ziko na mafuta, unga inachacha baada ya wiki chache na huwezi kujua kwa sababu wimbi inaficha harufu. Njugu ikiwa na ukungu, sumu imeingia kwa mfuko mzima. Mtoto akitoka vipele, utalaumu gani kati ya hizo kumi na mbili? Na soya haiivi kwa dakika zile wimbi inaiva.

Chukua wimbi peke yake. Ioshe kwa maji mengi ukiimwaga polepole, mawe yanabaki chini. Ianike, upeleke posho mill asubuhi. Uliza nani amesaga kabla yako: mashine inabaki na unga wa mtu wa mwisho. Omena saga kando, weka kwa fridge, nusu kijiko cha chai kwa bakuli wakati uji inachemka.

Baba Irene, Umoja

Shemeji kasema kweli, isipokuwa omena kwetu ni dagaa. Na dagaa hao waoshwe mpaka maji yatoke meupe, wakaangwe bila mafuta, vichwa vitolewe kwanza, la sivyo mtoto anakula mchanga wa Ziwa Victoria.

Lakini kosa kubwa si unga, ni maji. Tumbo la mtoto wa kilo saba linabeba kama mililita 200. Ukilijaza uji wa kunywa kwenye chupa, limejaa maji, na ziwa analikataa kwa sababu ameshiba. Uzito lazima ulale. Uji ukae kwenye kijiko kikiinamishwa. Vijiko vinne vya chakula vilivyojaa kwa kikombe cha mililita 250. Ukiwa mzito kama ugali, tia kimea.

Kimea: wimbi lowesha usiku kucha, chuja, tandaza kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu, nyunyizia maji. Yakitota yanaota ukungu, tupa. Yakichipua, anika juani, sugua vichipukizi vyote vitoke, saga. Usitumie mtama: vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi. Uji ukipoa kiasi cha kidole kuvumilia, koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea, subiri dakika kumi, utaona unalainika wenyewe. Kisha uuchemshe tena. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, umekiua, hakilainishi chochote.

Neema, Kawangware

Kiasi: miezi 6, vijiko viwili vitatu vya chakula, mara mbili kwa siku. Miezi 7 na 8, mpaka nusu kikombe mara tatu. Ziwa kwanza, kila anapotaka, usiku pia. Wiki mbili za uji mtupu zinatosha, aanze boga, kiazi lishe, mchicha uliosagwa, parachichi, kiini cha yai lililoiva na ute wake. Ini mara moja kwa wiki. Chumvi, sukari, chai, hapana. Chai ya maziwa ya hapa inazuia madini ya chuma, na mayaya wanaipenda kuwapa watoto ili wanyamaze. Asali pia hapana mpaka mwaka upite. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu, vivyo hivyo.

Mzee wa Lang'ata

Hamna aliyetaja mtori, ule wa ndizi na nyama! Mtoto wa Moshi mnampa uji wa wimbi wakati ndizi zipo. Shida ni kwamba hizi matoke za hapa hazina ule utelezi. Na zingekuja kwa urahisi kama mipaka ingekuwa mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kweli. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka kwa kitambulisho tangu 2014, sisi Watanzania bado tunatembea na pasi kama tunakwenda Ulaya.

Baba Irene, Umoja

Mzee, shikamoo, ila siasa tuziache. Mtori una mchuzi wa nyama wenye chumvi. Apikiwe wake bila chumvi, nyama isagwe iliwe. Kumnywesha supu peke yake ni maji yenye harufu.

Shemeji wa Donholm

Anakaa? Anageuka? Wasikutishe na watoto wa jirani. Kukaa bila kushikwa, wengine miezi minne, wengine tisa. Kutembea, kuanzia nane mpaka kumi na saba na nusu, na wachache hawatambai kabisa. Mtoe kwa jua pia, hizi nyumba za ghorofa zinaleta matege. Kama kwa miezi tisa hakai hata akishikiliwa, hapo mpeleke.

Mama Nasra, South B

Asanteni sana. Uji wangu ulikuwa wa chupa, nakiri. Jumamosi nakwenda kusaga.

Ila ndugu zangu, RCH-1 nani anaihamisha? Surua ya miezi 9 haiko mbali.

Mzee wa Lang'ata

Mama Nasra, marahaba. Ukipata mtu anayetoka Moshi wiki hii, mwambie mkungu mmoja wa ndizi, nitalipa nauli ya mzigo.

Neema, Kawangware

Mzee, na dagaa wa Kigoma kama atapitia Arusha.