Kwa nini antibiotiki iwekwe ndani ya goti lenyewe?

Binti wa mgonjwa
Ndugu zangu, naomba kuelimishwa. Goti la bandia la mama yangu limeingiliwa na bakteria miaka 2 baada ya upasuaji, na daktari bingwa wa mifupa ameshauri alitoe, aweke kwa muda goti la saruji ya mifupa (ile ya hospitali, si ya ujenzi) iliyochanganywa na antibiotiki mbili, jentamaisini na vankomaisini, kisha baadaye aweke jipya. Mama ametundikiwa dripu ya antibiotiki kwa wiki kadhaa sasa. Kwa nini dawa hiyo ya mshipani haitoshi?

Muuguzi wa chumba cha upasuaji
Pole sana, dada, na umfikishie mama pole zetu. Dawa ya mshipani husafirishwa na damu, ilhali chuma na plastiki havina mishipa ya damu. Bakteria wakishaganda juu yake hujifunika kwa utando unaonata, na humo huweza kustahimili dawa mara mamia ya kile kiwango ambacho kingewaua wakiwa nje, kiwango ambacho kwa njia ya dripu kingeumiza figo na masikio. Saruji huachia dawa palepale penye ugonjwa, nyingi zaidi katika siku za mwanzo, na kiasi kinachoingia kwenye damu kwa kawaida huwa kidogo. Mimi hupondaponda madonge ya vankomaisini mpaka yawe laini, ndipo tunapoichanganya na unga wa saruji na kumimina kimiminika chake. Baada ya dakika chache donge huanza kupata joto kiganjani, ndiyo maana huchaguliwa dawa zisizoharibiwa na joto. Hata hivyo saruji haifanyi kazi peke yake: tishu zilizooza lazima zikwanguliwe na kuoshwa zote, na dripu huendelea.

Aliyewahi kutibiwa nyonga
Nilipitia njia hiyo. Kungoja ndiko kuliko kugumu, kwa maana unatembea na magongo huku hujui kama usaha umekwisha. Muulizeni daktari kuhusu figo za mama, hasa kama ana umri mkubwa, kwa kuwa saruji yenye dawa nyingi imewahi kudhuru figo za wagonjwa wachache. Muulizeni pia itakaa muda gani, kwani ikishaishiwa dawa inabaki kitu kigeni ambacho bakteria wanaweza kukiganda tena.

Binti wa mgonjwa
Ahsanteni sana. Figo za mama hazijapimwa tangu aanze dripu. Kesho nitaomba zipimwe kabla hatujatia saini fomu ya ridhaa.