Naomba ushauri: fangasi wa ngozi na asilimia ya ulemavu kwa aliyetumikia jeshi la Marekani

Habari zenu wapendwa. Mume wangu ni Mkenya aliyetumikia jeshi la Marekani. Alitoka jeshini na fangasi wa miguu na kinena ambao mpaka leo hawajaisha. Majira ya joto ngozi hupasuka katikati ya vidole hadi kuvaa viatu inakuwa mateso. Idara ya Maveterani ya Marekani (VA) imekubali kwamba ugonjwa ulianzia kazini, lakini imempa asilimia 0 ya ulemavu (kipimo kinachoamua fidia yake), kwani alipimwa wakati wa baridi na ngozi ilikuwa imetulia. Imetuuma sana.

Nimesoma kanuni zao. Ugonjwa ukiwa umeshika angalau 5% ya mwili lakini haujafika 20%, au mgonjwa ametumia dawa za kumeza kwa jumla ya chini ya wiki 6 ndani ya miezi 12, anastahili 10%. Wiki za dawa zikifika 6 au zaidi ni 30%, na kwa anayezimeza mfululizo ni 60%. Dawa za kupaka hazihesabiwi. Mume wangu alimeza terbinafine (dawa ya fangasi) kwa maagizo ya daktari, ikapita wiki 6, na rekodi za famasi tunazo.

Tuna mwaka 1 tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuupinga. Nafikiria dai la nyongeza (Supplemental Claim, la kuleta ushahidi mpya), maana njia nyingine, ya mkaguzi wa ngazi ya juu (Higher-Level Review), haipokei ushahidi mpya. Aliyepitia haya anisaidie: picha za ngozi wakati imechachamaa zinakubaliwa? Na anaweza kuomba apimwe tena majira ya joto?