Mshale wa wakati: umo katika sheria za maumbile, au vichwani mwetu tu?

Jamani, mjadala huu wa kwa nini wakati huenda mbele tu, haurudi nyuma, ulizuka juzi baada ya isha pale Jaws Corner, kahawa zikaisha wenyewe haujaisha, basi nauleta kwenu.

Kijana mmoja anayesomea fizikia alitwambia: chukua sheria za Newton, ugeuze wakati nyuma mbele, hesabu inabaki vile vile. Kwa hiyo, kwa maneno yake, jana na kesho ni hisia zetu tu. Mzee mmoja akamjibu, "Haya mjukuu wangu, urejeshe moshi wa udi chetezoni." Watu wakaangua kicheko, kijana kimya. Mimi naona alinyamaza mapema mno.

Boltzmann, mwanafizikia wa Austria, alishalijibu la mzee. Kila chembe ya moshi inatii sheria isiyochagua mbele wala nyuma. Ila namna za moshi kuenea chumba kizima hazihesabiki, na namna za kukusanyika tena juu ya kaa moja ni chache mno. Haukukatazwa kurudi, ungoje hata umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, hutouona ukirudi. Kipimo cha wingi huo wa namna ndiyo entropia, jina lililotolewa na mwanafizikia Clausius mwaka 1865.

Wengi hutua mzigo hapo. Lakini mwaka 1876 Loschmidt, rafiki yake Boltzmann, alimkaba: geuza mwendo wa kila chembe kwa pamoja, moshi utarudi na hakuna sheria iliyovunjwa. Tena hesabu hiyo hiyo ya wingi ukiielekeza nyuma, itakwambia saa moja iliyopita moshi ulikuwa umetawanyika zaidi, na sote tunajua ulikuwa kipande cha udi koponi! Sioni pa kutokea ila kukubali kwamba ulimwengu ulianza katika mpangilio wa nadra kupindukia, na mshale wote umetoka huko. Basi si sheria peke yake, wala si vichwa vyetu.

Najua mtaniletea kaoni, chembe ndogo kuliko atomu ambazo wanafizikia Cronin na Fitch walizipima mwaka 1964. Sawa, zina upendeleo wao kati ya mbele na nyuma ya wakati, lakini kwa moshi wa udi hazina mkono.

Ustadhi wetu alisema mpangilio ule wa mwanzo una Mpangaji, tusitafute zaidi. La kwanza simpingi. La pili nalikataa, kutafuta hakujaharamishwa.

Haya, nani anaweza kuueleza mshale bila kuugusa mwanzo?