Tupeane uzoefu: timu zetu za madaraja ya chini ziliishi vipi kipindi cha Korona?

Mweka Hazina Mstaafu (Morogoro)

Wakuu, habari zenu. Naomba uzi huu uwe wa waliokuwa ndani ya timu ndogo mwaka 2020: viongozi, wachezaji, madereva, wapishi wa kambi, hata mashabiki waliochangishwa. Habari za Simba na Yanga kipindi kile tulizisoma kila siku. Za kwetu huku chini hakuna aliyeziandika, na tukikaa kimya zitapotea.

Naanza mimi. Nilikuwa mweka hazina wa timu ya Daraja la Pili. Jumanne ya tarehe 17 Machi 2020, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliposimamisha mikusanyiko na ligi zote kwa siku 30, sisi tulikuwa kambini: vijana 22 na benchi la ufundi kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vinne. Mfuko wa timu ulikuwa na shilingi 186,000. Tulikuwa tunajiandaa kusafiri ugenini, na nilishampa mwenye Coaster 300,000 ya kutangulia.

Wengi hudhani ligi ikisimama timu inakosa viingilio. Kwetu viingilio havikuwahi kuilisha timu. Mechi ikijaza, ukishatoa makato unabaki na pesa ya maji na barafu. Timu iliishi kwa mifuko ya watu wanne: mfanyabiashara wa mpunga, mwenye kituo cha mafuta, diwani, na mwenyekiti wetu. Walikuwa wanatoa kwa sababu Jumamosi kuna mechi. Mechi zilipokoma, simu zikawa zinaita tu hazipokelewi. Siwalaumu, biashara zao nazo ziliyumba. Ila hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichokuwa nakiita bajeti ni orodha ya watu wanne na namba zao za simu.

Siku ya tatu tulivunja kambi. Nilikopa kwa shemeji yangu, kila kijana akapewa nauli ya kufika kwao, kati ya 15,000 na 40,000 kutegemea anakotoka. Mwenye Coaster hakuwa na pesa ya kurudisha, alishanunua matairi. Tukaandikiana kwamba 300,000 yetu inabaki kwake mpaka ligi irudi, mashahidi wawili, tukapiga muhuri. Karatasi ile ndiyo iliyotusafirisha Juni.

Siku 30 zikaongezwa. Tarehe 21 Mei Rais Magufuli akatangaza michezo irudi kuanzia Juni 1, nchi nzima ikashangilia. Mimi usiku ule sikulala. Kusimama kulikuwa bure, kurudi ndiko kulikotaka pesa: kambi upya, magodoro (manane yalishaliwa na panya), ndoo za kunawia, vitakasa mikono, nauli za kuwarudisha vijana. Mpango wa kwanza uliotangazwa ulikuwa Daraja la Kwanza na la Pili wamalizie kituo kimoja, Mwanza. Nilikaa na daftari nikipiga hesabu ya malazi ya watu 27 kwa wiki kadhaa, nikawa natoka jasho. Mpango ulipobadilishwa tukarudi kwenye nyumbani na ugenini, nilishukuru Mungu.

Karibuni. Pesa ya kwanza ya kurudi kambini mliitoa wapi? Nani aliwakopesha, na ameshalipwa?

Binti wa Mama Lishe (Mbeya)

Mkuu, swali lako la mwisho limenigusa. Mama yangu ndiye aliyekuwa analisha kambi ya timu moja ya Daraja la Kwanza. Sahani 24 mchana, sahani 24 usiku, kila sahani 1,500. Aliandika kwenye kaunta buku: tarehe, idadi, na meneja wa timu anatia saini pembeni. Malipo yalikuwa kila baada ya wiki mbili.

Ligi iliposimama zilikuwa zimefika siku 12 hazijalipwa. Piga hesabu, ni 864,000. Sasa mchele ule mama naye aliuchukua kwa mkopo dukani, na maharage pia. Mwenye duka alikuja nyumbani mara mbili. Mama akaenda kukopa kwenye kikoba chake, akamlipa. Kwa hiyo deni la timu likawa deni la mama, tena lenye riba.

Na wachezaji watatu hawakuondoka, mmoja alikuwa wa Kigoma, nauli waliyopewa haikumfikisha. Mama aliendelea kuwapa chakula. Wao wakawa wanachota maji, wanapasua kuni, jioni wanamsaidia kukaanga samaki barabarani. Yule wa Kigoma mpaka leo akifunga goli anampigia mama simu.

Timu ilipata pesa Julai, ikalipa 400,000. Iliyobaki ilikuja kwa vipande vya elfu ishirini, elfu thelathini, hadi Februari mwaka uliofuata. Sikuandika haya kwa hasira. Nataka viongozi mjue kwamba ile mnayoiita "tutamalizana na mama" ni mtaji wa mtu, na mtaji huo ndio ulioibeba timu.

Beki Kushoto (Mombasa)

Wadau, mimi ni wa upande wa pili wa mpaka. Nilikuwa nacheza timu ya madaraja ya chini hapa Pwani. Kwetu mambo yalifungwa kwelikweli. Kafyu ilianza 27 Machi, kisha tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, huingii wala hutoki. Tarehe 30 Aprili FKF, shirikisho la soka la Kenya, ikatangaza msimu umekwisha. Ngazi ya NSL, yaani ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, Nairobi City Stars walikuwa kileleni, wakapanda. Sisi tulioko chini tukabaki nyumbani.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi 8,000 za Kenya, nao ulikuwa na miezi miwili haujaja kabla ya huo ugonjwa. Mwenye timu alikuwa na kampuni ya kubeba watalii. Hoteli zilipofunga, hata dereva wake mwenyewe hakulipwa, sembuse mimi. Alituita tukasimama nje ya geti lake, mbalimbali, akatuambia wazi: "Wanangu, sina." Nilimheshimu kwa hilo. Wengine waliwaahidi wachezaji mwezi baada ya mwezi.

Kilichotusaidia ni wazee wa mtaa. Walifungua namba moja ya M-Pesa, watu watatu wanaona salio, na kila Ijumaa baada ya swala jina la aliyetoa na kiasi vinasomwa. Haikuwa mishahara. Ilikuwa unga, mafuta na sukari kwa kila mchezaji mwenye familia, na wasio na familia wakapewa nusu. Mimi nilipewa nusu, nikaona ni haki. Nikaenda kubeba mizigo soko la Kongowea asubuhi, jioni nafanya mazoezi peke yangu kabla kafyu haijaingia.

Ligi za Kenya ziliporudi hazikuwa na mashabiki, halafu Machi 2021 michezo ikasimamishwa tena. Mara hiyo ya pili ndiyo iliyowavunja wenzangu. Wanne waliacha mpira kabisa, mmoja ana bodaboda, mmoja yuko Saudia.

Mjomba wa Leicester

Nawasoma kutoka Uingereza, ni mzaliwa wa Tanga. Huku najitolea kwenye klabu ya madaraja ya chini sana, kule wachezaji wanalipwa nauli na kidogo cha juu. Tarehe 26 Machi 2020 FA, chama cha soka cha England, walifuta msimu wote wa madaraja yetu, matokeo yakawa kama hayakuwahi kuwepo.

Tofauti na huko, hapa klabu ndogo inaishi kwa baa yake na ukumbi wa kukodisha: harusi, misiba, bingo. Vyote vilifungwa kwa amri. Serikali ililipa hadi asilimia 80 ya mshahara wa waliosimamishwa kazi, mwisho pauni 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo mhudumu wa baa na mtunza uwanja walipona. Ila nyasi haziachi kukua kwa sababu ya Korona. Umeme, bima na maji viliendelea kudai. Tulichangisha mtandaoni, na wazee waliolipia tiketi ya msimu walikataa kurudishiwa pesa yao.

Msiseme huku hazikufa. Macclesfield Town, klabu iliyokuwepo tangu 1874, mahakama iliamuru ifilisiwe Septemba 2020 kwa madeni ya zaidi ya pauni 500,000. Matatizo yake yalianza kabla ya Korona, na nadhani hilo ndilo tunalolikwepa: gonjwa lilizikuta timu nyingi zimeshapasuka.

Kaka wa Ujerumani

Naongeza moja fupi. Lokomotive Leipzig, Daraja la Nne huku, waliuza tiketi za mechi isiyokuwepo, dhidi ya mpinzani asiyeonekana, euro 1 kila tiketi. Zilinunuliwa zaidi ya 180,000. Lengo lao lilikuwa kuvunja rekodi wanayojivunia ya watu 120,000 siku ya nusu fainali dhidi ya Bordeaux mwaka 1987. Mtu ananunua kumbukumbu ya baba yake, anaona euro moja si kitu. Timu ngapi za mikoani kwetu zina kumbukumbu za namna hiyo na hakuna aliyewahi kuziomba zilete pesa?

Mweka Hazina Mstaafu (Morogoro)

Nimesoma zote, asanteni sana. Beki Kushoto, hilo la watu watatu kuona salio na majina kusomwa hadharani nimelichukua. Sisi tulikuwa na grupu la WhatsApp la kuchangia 1,000 kila shabiki. Wiki mbili za kwanza niliweka picha ya kila muamala, zikaingia 412,000. Wiki ya tatu niliumwa, sikuweka picha. Ziliingia 19,000. Nilipopona na kuanza kuweka tena, hazikurudi kiwango kile.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu pesa za FIFA. Ruzuku ya dola milioni 1 kwa kila shirikisho ilitangazwa mwishoni mwa Julai 2020. Sisi shida yetu ilikuwa Machi na Juni.

Binti wa Mama Lishe, baada ya kusoma yako nilikwenda kabatini kutoa daftari la 2020. Kwetu aliyekuwa analisha kambi ni mama mmoja wa Kihonda. Ukurasa wa mwisho unaonyesha tulibaki tunamdai... samahani, anatudai 145,000. Mimi niliachia uongozi mwaka uliofuata nikajua mrithi wangu atamaliza. Jana nimempigia. Hajalipwa. Hakuwa amesahau, alikuwa ameona aibu kuuliza.

Nimemtumia 50,000 yangu, na kamati ya sasa nimewapelekea picha ya ukurasa ule wenye saini yangu. Wakijibu nitaleta mrejesho hapahapa.

Binti wa Mama Lishe (Mbeya)

Nimemsomea mama. Anauliza huyo mama wa Kihonda bado anapika?

Mweka Hazina Mstaafu (Morogoro)

Anapika. Siku hizi ni chapati na maharage, stendi.