Eti "kocha ni mchakato"! Yule bwana wa timu yetu hapa Chuga katudharau mchana kweupe

Wakuu salamu nyingi sina, nimetoka uwanja wa Sheikh Amri Abeid sasa hivi, niko kwenye hiace naandika mikono inatetemeka kwa hasira kwa hiyo makosa mtavumilia.

Simtaji mtu jina. Hakuna haja. Ukikaa Arusha na unapenda mpira unamjua, yule wa miwani imepandishwa kichwani hata kukiwa na mvua, mwenye simu mbili na zote anaongea kwa wakati mmoja, kila msimu anakuwa na cheo kipya lakini kiti ni kilekile. Huyo huyo.

Sasa leo tumepigwa tena nyumbani, sawa, hilo tumeshazoea na sio lililonileta hapa. Mechi imeisha watu wanashuka, yule mzee wetu mnayemjua nyie mnaokaaga jukwaa kuu, mwenye karedio kamefungwa na raba ya tairi la baiskeli, mtu anayekuja uwanjani tangu enzi za AFC Arusha, akamfuata yule bwana. Kwa adabu. Kofia kavua kaishika mkononi. Akamwambia, "Mwanangu, hivi kocha wetu kwa sasa ni nani?" Swali ndio hilo tu. Jamaa anakula mishikaki, macho kwenye simu, shikamoo hakuna, kwa mtu ambaye ni sawa na baba yake mzazi! Kavuta nyama kwenye kijiti kwa meno, katafuna, mzee kasimama anasubiri, kameza, ndio anasema: "Mzee, kocha ni mchakato."

KOCHA NI MCHAKATO.

Nilikuwa nyuma ya mzee hapo hapo, nimesikia kwa masikio yangu haya. Mzee kavaa kofia yake taratibu kasema "haya baba, asante" kaondoka. Alishukuru jamani! Kashukuru kwa lile jibu! Mimi ndio nilitaka kuruka ule uzio wakanishika.

Na swali la mzee lilikuwa la haki kabisa maana kwa ambao hamkuwepo, kwenye benchi leo kulikuwa na makocha watatu na timu haina kocha. Kuna yule wa leseni, jina lake ndio liko kwenye fomu, haongei, hasimami, kazi yake ni kukaa leseni ionekane. Kuna kocha wa makipa ambaye tunaambiwa ndiye aliyepanga kikosi. Halafu kuna yule kijana aliyeletwa na upande wa mwenyekiti, suruali imembana mpaka hawezi kuchuchumaa, cheo chake hakuna anayekijua ila anafoka kuliko wote. Dakika ya sabini na kitu tumepata kupumua kidogo, mpira umetoka kona yao, wanataka kubadilisha mtu. Wa makipa anamwambia mwamuzi wa akiba nane, kijana anamwambia kumi na saba. Kibao kimeinuka nane. Mtoto wa watu namba nane anatoka anapiga makofi kwa mashabiki, anafika kwenye mstari anaambiwa rudi, sio wewe! Anaangalia benchi, huyu anamwita, huyu anamfukuza. Refa kachoka nao kapuliza kona ipigwe, namba nane bado yuko njiani anakimbia kurudi, pale anapokabaga pako wazi unaegesha Noah na trela lake. Mtu kapiga kichwa bila hata kuruka. Bao. Na wale wawili bado wanabishana, hawakuona bao, wameshtuliwa na kelele!

Halafu unamuuliza kiongozi kocha ni nani anakwambia mchakato. Huku anatafuna.

Kocha aliyepita mnakumbuka alivyoondoka. Usiku wa manane tunaona tangazo kwenye ukurasa wa timu, kapewa "thank you" na picha yake ya zamani. Asubuhi katibu yuko redioni anasema kocha ana mapumziko ya kifamilia. Mchana mwenyekiti anasema hajui nani katoa lile tangazo. Jioni tangazo limefutwa. Kesho yake watu wanamuona kocha mwenyewe stendi na mabegi anapanda basi la Dar, wanamuuliza mwalimu vipi, anasema na yeye anasubiri kuambiwa. Mpaka leo hatujui kafukuzwa, kaacha kazi au yuko likizo. Wachezaji nao wanafanya mazoezi asubuhi ya huyu jioni ya yule, huyu anataka mabeki watatu yule anataka wanne, ndio maana leo tumecheza na mabeki watatu na nusu.

Na huu sio mji wa kufanyiwa hivi. Tangu JKT Oljoro washuke 2014 Arusha hatujawa na timu yetu Ligi Kuu, watoto waliozaliwa mwaka ule wanakaribia kumaliza la saba hawajawahi kuona timu ya kwao ikicheza na Simba au Yanga kwa pointi tatu. Wakija hao wakubwa uwanja unafurika, mtaa mzima umevaa jezi za Dar. Na Olmoti tunajengewa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, mashindano yakiisha wageni wakirudi kwao nani atacheza pale? Mchakato? Mchakato utaingia na jezi namba ngapi?

Sitaki kusikia habari za bajeti, sitaki kusikia wadhamini. Timu ngapi hazina hela na zina kocha mmoja anayejulikana? Ninachotaka mimi yule bwana amtafute mzee, amwamkie, amwombe radhi, amjibu swali lake. Hata mshikaki hakuuweka chini. Angeuweka chini tu pale kwenye sahani nisingeandika huu uzi. Mtu kavua kofia mbele yako, wewe unatafuna!

---

Sakina_Juu: Siti ya mbele, nasubiri mods wafute.

Bonge la Njiro: Mkuu umeandika gazeti zima na mshikaki umetajwa kuliko mpira. Sema ulikuwa na njaa.

Chalii wa Kijenge: Nilikuwepo. Mleta mada kasahau kitu, alivyomaliza kula alimpa mzee kijiti amshikie.

Mbauda Original: Acha chumvi wewe. Kijiti alitupa chini. Ila kweli shikamoo hakutoa, na mimi nimeumia sana, yule mzee huwa anatugawiaga karanga zake mpaka watoto asiowajua.

Chalii wa Kijenge: Sawa kijiti nimeongeza. Lakini uso wake ulikuwa uso wa kumpa mtu kijiti.

Mwananchi wa Unga Ltd: Tatizo lenu mnadhani kocha ndio timu. Yanga msimu wa 2024/25 wameanza na Gamondi, akaja Ramovic, akaja Hamdi, makocha watatu msimu mmoja na ubingwa wakabeba. Nyie hata mkiletewa Guardiola na benchi lake lote mtapigwa kona ileile.

Mleta mada: Mkuu usilinganishe. Yanga akiondoka huyu anatajwa huyu, jina lipo, sura ipo, unajua nani wa kumlaumu. Sisi tumlaumu nani? Na hata hivyo hoja yangu sio kocha, hoja yangu ni mzee kavua kofia mtu anatafuna.

kiboriloni_finest: Poleni majirani. Sisi huku Moshi angalau tumekula Ligi Kuu juzi juzi, Polisi Tanzania wamekaa uwanja wa Ushirika kuanzia 2019 mpaka wakashuka 2023, Simba na Yanga wamekuja tumewaona kwa macho. Nyie mnasubiri uwanja wa AFCON mkakae mkiangalia nyasi.

Mbauda Original: Ile timu ni ya polisi sio ya Moshi, mlikuwa wenyeji wa nyumba tu. Na wakishuka mnawakana, wakipanda mnasema yetu.

kiboriloni_finest: Na Oljoro ilikuwa ya nani? Ya bibi yako? Si ya jeshi?

Bonge la Njiro: 😂😂 Hapo kawapiga.

Mwl. Pasua: Nizungumze kidogo bila utani. Ombeni Mungu huyo aliyeondoka awe mzawa. Mkiachana na kocha wa kigeni kihuni hivyo bila karatasi ya kueleweka anaenda zake FIFA, akishinda kesi msipomlipa mnafungiwa kusajili, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Hapo ndio mtajua mchakato ni nini. Viongozi wetu wengi wanaona ni rahisi kumkwepa mtu simu kuliko kumwandikia barua, na ile barua moja ndio ingewaokoa.

Mleta mada: Asante mwalimu. Umeona? Hata barua hakuna. Mzee angekuwa hata na barua mkononi...

Red Devil Sekei: Mnalia na mchakato wa msimu mmoja, njooni kwetu Man U. Tangu Ferguson aondoke 2013 hatujui tunaelekea wapi. Ten Hag kaongezewa mkataba Julai 2024, Oktoba hiyohiyo kafukuzwa. Mkurugenzi wa michezo Ashworth wamemhangaikia miezi na miezi Newcastle wamwachie, kaingia Julai, Desemba katolewa. Msimu ukaisha tuko nafasi ya 15. Na pale hakuna mishikaki, pale wanakula vitu vya maana huku wanatuua.

Gunner wa Ngaramtoni: Ni wewe tu na timu yako, sisi tusihusishwe.

Spurs pekee Moshi: Wewe angalau mnafukuza aliyefeli. Sisi Postecoglou katupa kombe la Europa tarehe 21 Mei 2025, kombe baada ya ukame wa miaka 17, kufika tarehe 6 Juni hana kazi. Kabeba kombe watu bado wanaimba, kafukuzwa!

Red Devil Sekei: Kombe mlilotufunga sisi, hata usinikumbushe.

Mwananchi wa Unga Ltd: Mlimaliza nafasi ya 17 ndugu yangu. Hiyo angefukuzwa hata na mama yake.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Mzee wetu wa redio. Kuna mtu anajua anapokaa? Tumchangie hata tukamsalimie nyumbani, ajue kuna watu walisikia na hawakupenda.

Gunner wa Ngaramtoni: Hiyo fainali ya Europa pale Bilbao mimi sikuiona hata lile bao la Johnson. Kibanda umiza cha mtaani kwetu kiingilio kawaida jero, siku ile katulipisha buku, tumebanana mpaka madirishani, dakika ya arobaini luku ikakata. Giza! Jamaa anatwambia tuchange mia mia anunue umeme. Tumeshalipa buku!

Chalii wa Kijenge: Hahaha hao watu wana mioyo. Mkachanga?

Gunner wa Ngaramtoni: Tukachanga tufanyeje. Umeme umerudi tunakuta moja bila, kila mtu anaulizana kafunga nani.

Dada wa Kwa Mrombo: Bora huyo aliishiwa umeme. Wa huku kwetu dakika ya 85 anahamisha chaneli aweke tamthilia ya Kituruki kisa mke wake kapiga simu anauliza kama imeanza. Watu wazima na ndevu zetu tunaangalia mtu anapigwa kofi na mama mkwe wake Istanbul. Ukidai hela anasema mpira umeshaona wote.

Mbauda Original: Dada una ndevu?

Dada wa Kwa Mrombo: Naongelea waliokuwepo, acha ujinga. Hoja ni hela yangu.

Sakina_Juu: Kisheria dakika 85 umeshaangalia mechi, hela hairudi.

Mwl. Pasua: Sheria ipi hiyo? Kalipia mechi, na mechi ina dakika za nyongeza. Mabao mangapi yanafungwa dakika ya tisini?

kiboriloni_finest: Njooni vibanda vya Majengo Moshi huku mpira unaisha wote na kahawa unapewa.

Mbauda Original: Vibanda vya Moshi nguzo iko katikati ya skrini, nusu mnaangalia goli la kulia nusu goli la kushoto mnahadithiana.

kiboriloni_finest: Hiyo nguzo ilishatolewa mwaka jana.

Spurs pekee Moshi: Haijatolewa. Imehamishwa, sasa hivi iko mbele ya benchi la buku.